Shujaa wa Safu ya Nyuma

Dereva alinunua tiketi moja ya sinema, akatazama nyuma kama mwizi wa kuku, akaingia gizani kwa kupapasa. Yule mama alikuwa ameshafika. Alikuwa safu ya nyuma kabisa, kwenye kona, mkoba kauweka juu ya kiti cha jirani ili kisichukuliwe.

"Umechelewa," alinong'ona. "Dunia imeshavamiwa."

"Na nani?"

"Mijusi."

"Si walikuwa mijusi wiki iliyopita?"

"Wale walikuwa wa kijani. Kaa chini. Nyumbani umeagaje?"

"Nimesema napeleka saa kwa fundi."

"Tena? Hiyo saa itatengenezwa mpaka igeuke redio."

"Na wewe?"

"Nimesema nakwenda kumwona mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Si wewe hapo, unavyohema kwa ngazi mbili tatu!"

Dereva alijicheka kimoyomoyo. Mzee mzima, mvi hadi puani, shati limepigwa pasi, manukato kayaiba kwa mkwe wake, eti anakuja kukaa gizani na mwanamke! Angesimuliwa habari hizo za mzee mwingine, angecheka mpaka mbavu zimuume.

Lakini nyumbani pumzi ilikuwa haba. Tangu watoto warudi na familia zao, alilala sebuleni, wajukuu wa kiume wamemzunguka, visigino vyao mbavuni mwake. Mkewe alilala chumbani na wajukuu wa kike. Ukikohoa, watu watatu wanauliza kama umekunywa dawa. Saa chache hizi za Jumamosi mchana ndizo alizobakiwa nazo. Zikijulikana, basi tena. Na aliyemwogopa kuliko wote ni binti yake mkubwa, mwenye ulimi kama wembe.

Kuhusu sinema zenyewe, alikuwa mgeni. Zamani, alipokuwa akiendesha malori, alitazama mojamoja huko njiani, za ngumi na farasi. Mtu akifa, amekufa. Siku hizi shujaa anakufa wiki hii, wiki ijayo yumo, wala hana kovu la kumwonyesha mtu. Yeye Dereva aliteguka kiuno akifunga kamba za viatu, na mpaka leo akiinama anaomba dua. Tena mji mzima unabomolewa, lakini hujaona anayeshika ufagio.

"Huyu nahodha naye," alinong'ona, "kawasha taa zote ndani ya chombo cha angani. Ataona nje vipi? Usiku ukiwasha taa ndani ya lori, kwenye kioo unaona sura yako tu."

"Labda ndiyo anayotaka kuiona," alisema yule mama. "Sura yenyewe nzuri."

Dereva aliona wivu. Akavuta kitambi ndani, ingawa mle gizani hakuna aliyekuwa akikitazama.

Mara mjusi mkubwa akafufuka kwa kishindo. Dereva aliruka kitini. Yule mama akamshika mkono, akaendelea kuushika hata mjusi alipokufa tena, na Dereva akasahau kabisa dunia inaokolewa na nani.

Kawaida yao waliondoka kabla taa hazijawaka, mama kwanza, Dereva baadaye, kila mtu na njia yake. Siku hiyo, majina yalipoanza kupanda kwenye pazia, Dereva alimgusa bega.

"Wahi, bibie."

"Sitoki. Kuna kipande huwa wanakificha mwishoni. Kila wiki nakikosa kwa ajili ya woga wako."

"Taa zitawaka!"

"Ziwake. Shujaa gani wewe?"

Majina yakapanda, yakapanda, kama ya jeshi zima. Halafu kipande chenyewe kikaja: mjusi mdogo akafumbua jicho moja. Basi.

"Ni hicho tu?" aliuliza Dereva, kwa sauti.

Taa zikawaka.

Safu chache mbele, mwanamke mwenye mtoto aliyelala begani aligeuka kuitafuta ile sauti. Alikuwa binti yake mkubwa. Ubavuni mwake walijipanga wajukuu, midomo imejaa bisi.

Dereva aliutazama mlango, akayakumbuka magoti yake. Alitafuta uongo, akaukosa. Alikuwa ameumaliza wote nyumbani. Alijaribu kuutoa mkono wake taratibu, lakini yule mama aliukaza.

Binti alipanda hadi safu ya nyuma. Alimtazama baba yake. Akamtazama yule mama, kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. Kisha akashusha pumzi.

"Jamani, mama," alisema, "wewe na baba si mngesema tu, tuwatoe watoto chumbani kwenu?"