Ushanga wa Shemsa

Siku hizi sufuria haifunguki mpaka ushanga uwake. Kila mtu huvishwa ushanga shingoni angali mchanga. Njaa ikimshika, unawaka, na sufuria inamfungulia sehemu yake. Asiye na njaa hapakuliwi. Ndiyo sheria.

Ushanga wa Shemsa ulikuwa umezimika. Daktari alimwambia mama yake, Mwatumu, kwamba mwili wa binti umeacha kuitisha chakula, na kwamba udhaifu huo hutembea katika damu ya ukoo, ukingoja mtu aanze kujinyima.

Mwatumu hakuwa na la kufanya ila kushinda na njaa, ili ushanga wake uwake, apewe sehemu yake ampelekee mwanawe.

"Kula, mwanangu. Nimekuwekea na ukoko."

"Kula wewe. Mimi nikila najiona nimeshindwa. Nisipokula, kichwa kinatulia."

"Kinatulia kama cha maiti!"

Shemsa akacheka, akameza tonge moja kumridhisha. Kwa tonge hilo Mwatumu akazidi kujinyima.

Jioni moja alisimama mbele ya sufuria, nayo isifunguke. Akaushika ushanga wake. Ulikuwa wa baridi.

"Mama!" Shemsa aliita kutoka chumbani, sauti nyembamba kama uzi. "Niletee ule ukoko. Leo nataka kujaribu."

Mwatumu aliivuta sufuria, akaigonga, akaibembeleza. Alitaka kulia, lakini machozi hayakuja. Alijisikia mwepesi, na kichwa chake kilikuwa kimetulia.