Barua Aliyopewa Konokono

Kiboko mmoja alikuwa na timu ya mbio za magari, na kila aliposhindwa alimfukuza meneja siku hiyo hiyo. Kila meneja mpya alikuja na ishara zake za mkono, kwa hiyo Ngedere waliobadilisha magurudumu hawakuzizoea kamwe: huyu akikaza nati, yule anaifungua.

Meneja wa saba, Nungunungu, aliposhindwa, Kiboko akaandika barua ya kumfukuza. Lakini Kanga, tarishi wake, alikuwa akiatamia mayai, basi barua akapewa Konokono. Kiboko akaenda mtoni kupoza hasira, akaisahau ile barua.

Konokono alifika gereji baada ya miezi minne. Alikuta vigelegele. Ngedere walikuwa wamezizoea ishara, timu imeshinda mara tatu mfululizo, na Kiboko mwenyewe alikuwa amemkumbatia Nungunungu, miiba na yote.

“Hodi, tajiri,” alisema Konokono. “Barua ya meneja hii hapa. Samahani, nimechelewa.”

Kiboko aliisoma, akaitia kinywani, akaimeza.

“Umechoka, mwanangu?”

“Kidogo, tajiri.”

“Pumzika. Kuanzia leo, barua zangu zote za kufukuza watu utazipeleka wewe.”