Wimbo wa Maritza

Miaka hiyo sheria ilisema kila mtu apige muziki wa damu yake tu, na kila nyumba ilifungiwa kidude ukutani cha kumeza sauti isiyoruhusiwa. Torgeir Løvås, Mnorwe wa Bergen, alikuwa akitunga peke yake kwa kompyuta, akichanganya jazi na rumba. Sasa spika zake zilikuwa kimya.

"Rumba nilifundishwa na mke wangu, mzaliwa wa Kuba, kwenye meza hii hii!" alimfokea mkaguzi aliyekuja kukikagua kidude. "Yeye keshafariki. Mnataka nani mwingine aniruhusu?"

"Damu haifundishwi, bwana," mkaguzi alijibu kwa upole, huku akikaza skrubu za kidude.

Binti wa Torgeir mwenye miaka sita, Maritza, aliyekuwa akisuuza vikombe, akaanza kuimba wimbo wa marehemu mama yake. Kidude kikawaka. Kikapitisha neno moja, kikameza la pili, kikapitisha la tatu.

"Unaona kinavyotenda haki?" mkaguzi akasema. "Mtoto ni nusu."

"Toka nyumbani kwangu!"

Maritza aliwatazama wote wawili. Kisha akaanza wimbo upya, safari hii akiyaruka mwenyewe maneno yaliyomezwa.