Usingizi wa Bi Semeni

"Unilaze kwa maneno? Wewe niliyekubembeleza mimi?" Bi Semeni alimwambia bintiye, akaendelea kusuka ukili wake wa mkeka.

Mwanahawa hakubishana. Alikuwa amerudi kutoka masomoni na ujuzi wa kuwatuliza watu kwa sauti mpaka wasinzie, na mtaa mzima ulimcheka: mganga gani hana hata kidonge? Akakaa mkekani karibu na mama yake, ambaye tangu mfungo uishe hakuwa amepata usingizi wa maana.

"Suka tu, mama. Angalia vidole vyako. Kila unapopitisha ukindu, pumzi inashuka. Mikono inakuwa mizito..."

"Mizito kwa uzee," alijibu Bi Semeni, lakini sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali. Vidole vilipitisha ukindu, vikapumzika, vikapitisha mwingine. Na sauti ile ya bintiye, ya chini, isiyo na haraka, aliijua. Ndiyo aliyombembelezea Mwanahawa alipokuwa mtoto.

"Hodi!" Bi Tatu, jirani aliyecheka kuliko wote, alichungulia mlangoni. "He! Mama yako kalala? Mchana wote huu? Umempa nini?"

Bi Semeni alimsikia. Alitaka kuinua kichwa amwambie: hajanipa kitu, Tatu, na huyu ni wangu wa kumzaa. Jibu lilikuwa tayari ulimini, tamu kweli kweli. Lakini ulimi nao ulishalala, na ukili ulikuwa ukiteleza pajani, taratibu, ukielekea mkekani.