Shahidi wa Mwanga

“Mama, njoo! Funga mlango upesi, mwanga usiingie!”

Raheli akaliacha jiko, akaingia chumbani akipapasa ukuta. Kornelio, mwanawe wa pekee, alikuwa amepigilia blanketi dirishani tangu siku aliyorudi kutoka masomoni Ulaya.

Hakurudi kwa likizo. Wakubwa zake wa maabara walimwambia vitu vyake haviwaki, anaota mchana. Basi akarudi kwao Soni na kasha lake la vifaa, akajifungia. Kutwa kubandua kwa selotepu, kubandika, kubandua tena. Majirani hawakukawia: “Mtoto wa Raheli kasoma mpaka kapitiliza.”

“Ni utando mmoja tu wa madini, mama,” alimweleza juzi, baada ya mama kumbembeleza sana. “Mwembamba hata hakuna kitu chembamba zaidi. Ukiulaza juu ya mwenzake, mwanga unafifia. Ukiwa peke yake, nikaupitishia umeme kwa grafini, ule weusi wa kalamu ya risasi, tabaka moja tu, unawaka mwekundu.”

Kitu kiwake kwa sababu kiko peke yake! Hilo Raheli hakulielewa. Yeye tangu mumewe afariki, nyumba ikabaki kimya, alizidi kufifia tu. Na kumbe kuwa na mtoto ndani si kuwa na mtu. Kila alipoanza, “Kornelio, kuna jambo nataka nikwambie,” alijibiwa, “Baadaye, mama.”

Mezani kijana alikula huku mawazo yakiwa kwenye kasha. Alizinduka siku moja tu, jino lilipouma jiwe.

“Aa, mama! Siku hizi maharage huchagui?”

“Uzee, baba.”

“Uzee gani? Uvivu huo!” Akacheka, akarudi chumbani kwake.

Sasa alimshika mama mabega, akamkalisha, akamwinamisha mpaka paji la uso likagusa chuma baridi cha hadubini.

“Weka jicho hapo. Mimi langu silisadiki tena, linataka mno. Huko kwetu kazini anayetengeneza hajishuhudii mwenyewe. Ukiona wewe, nawapigia simu, naondoka leo leo. Usipoona, basi. Navichoma vyote.”

“Utachoma kazi ya miaka yote?”

“Nitalima kabichi. Tazama, mama.”

Akabonyeza kitu, kikalia ta. Raheli akasikia pumzi ya mwanawe ikisimama.

Akisema hapana, mtoto atabaki, lakini atabaki gofu la mtu. Akisema ndiyo, nyumba itarudia ukimya wake, na lile jambo lake litalala naye tena. Alitaka abaki, Mungu anajua. Lakini mkono uliomshika begani ulimng'ang'ania kama wa mtoto anayeogopa giza. Na ndiyo ya mama ni nyepesi kutoka, nzito kuirudisha.

“Naona,” akasema.

“Kweli? Rangi gani?”

“Nyekundu, baba. Kama kaa linalotaka kuzimika.”

Kornelio akapiga ukelele, akamkumbatia, akamwacha palepale akakimbilia simu. Hata ugali haukuiva vizuri, akawa ameshafunga kasha na begi. “Nitakupigia, mama! Wewe ndiye shahidi wangu!” Hatua zake zikateremka kilimani kuelekea stendi, mpaka zikamezwa na kelele za magari yanayoshuka Mombo.

Alasiri Sharifa, binti wa jirani, akabisha hodi.

“Shikamoo, mama. Nimempita Kornelio stendi, anacheka peke yake. Umemwambia?”

“Marahaba. Sikumwambia.”

“Mama! Wiki zote hizo?”

“Alikuwa na furaha, mwanangu. Anakwenda kuwaambia wakubwa zake kwamba mama yake mzazi ameshuhudia.”

 Sharifa akamshika mkono, akamvusha kizingiti taratibu, kama alivyokuwa akifanya kila siku tangu mwaka juzi, macho ya Raheli yalipozimika kabisa.