Mkono Uliokufa Ganzi

Maumivu yalikwisha ghafla, na mzee wa watu akaingiwa na hofu.

Daktari wa ganzi alikuwa amemchoma sindano moja tu, juu kidogo ya mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, na mkono uliovunjika ukalala kama gogo.

"Hii haikulazi usingizi, mzee," daktari alimwambia, akimfunika shuka hadi kidevuni. "Inaufisha ganzi mkono peke yake. Wanaochomwa hii hula mapema, hutembea mapema, hurudi nyumbani mapema."

Mapema kwenda kwa nani? Mwezi mzima mkewe alikuwa kwa kaka yake, akisema amechoka kumtumikia mtu mwenye mikono miwili mizima. Jana mzee alipanda juu kuziba paa, akaja chini bila ngazi. Alipofumbua macho, mke huyo hapo, amempakata kichwa, anamlilia. Mkono ulikuwa umemrudishia mke; sasa sindano imwondoe?

Mke akaingia wodini na bakuli la uji, taulo begani. Mzee akafumba macho, akaanza kuguna.

"Bado unauma?"

"Moto mtupu, mama watoto."

"Na sindano?"

"Sindano gani ile. Wamenichoma maji."

Kijiko cha kwanza akameza. Cha pili akadai sukari imepungua. Akawekewa mto, akafutwa midomo. Tangu waoane hajabembelezwa hivyo, hata siku ya harusi.

Mke akapenyeza mkono chini ya shuka. "Hebu nikukande kidogo. Hapa?"

"Hapo hapo. Taratibu, unaniua."

"Na huku kwenye vidole?"

"Vidole ndiyo usiseme. Mimi nikiachwa peke yangu na mkono huu, nimekwisha."

"Pole, baba watoto." Akazidi kukanda. Mzee naye akazidi kulia, kwa bidii na mapambo, hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akajiziba masikio kwa mto.

Mke akafunua shuka. Mkono wenye bendeji ulikuwa umejilalia zake juu ya tumbo, hauna habari. Alichokuwa akikikanda ni taulo lake, aliloliviringisha na kulipenyeza chini ya shuka.

"Endelea kulia, nakusikiliza," alisema, akichota kijiko kingine. "Nguo zangu nilizirudisha kabatini jana, wewe ukiwa bado juu ya paa."