Chupa ya Shemasi

Bidoni ya maji aliyoipanda iliteleza chini ya miguu ya Mama Gentille, naye akaanguka pamoja na kipande kizima cha ua wa matete mpaka ndani ya uwanja wa jirani yake. Hakuumia. Alijifuta magoti, akainua macho, akamwona shemasi Raphaël amekaa juu ya kiti kidogo, chupa katikati ya mapaja, mrija mdomoni.

"Shemasi! Kumbe ni kweli. Wiki tatu mi niko nakuchungulia, nikasema pengine ni macho yangu inanidanganya."

Raphaël aliutoa mrija. Macho yake yalikuwa mekundu. Alijaribu kusimama, kichwa kikamzunguka, akashika ukuta. Kisha akageuka pembeni, akatema mate kwa muda mrefu.

"Na ni saa kumi na mbili ya asubuhi," Mama Gentille akasema, akaondoka kupitia lile tundu alilolifungua mwenyewe.

Haikuwa pombe. Mwaka uliopita Raphaël alikuwa amemaliza dawa za kifua kikuu, miezi sita bila kukosa hata siku moja, na kikohozi hakikusogea. Wakamtuma Bukavu. Huko daktari alimweleza kwamba ana kijidudu kinachofanana na kile cha kifua kikuu, lakini si chenyewe: kinaishi katika maji na udongo, hakiambukizi watu wa nyumbani, na hakina haraka ya kutoka. Alipewa dawa za mwaka mmoja na zaidi. Mama mmoja muuguzi akamfundisha kupuliza: maji kidogo katika chupa, mrija ndani, unapuliza mapovu polepole asubuhi na jioni mpaka makohozi yalegee. Ilimsaidia sana, isipokuwa kile kizunguzungu.

Walijua watu wawili tu, mke wake Dorothée na binti yao Arlette. Nje ya nyumba neno "kifua" peke yake lilitosha kumharibia mtu. Katika mtaa wao wa Baraka kulikuwa na seremala aliyepona miaka minne iliyopita, na mpaka leo kikombe chake kilitundikwa peke yake. Tena Arlette alikuwa amechumbiwa na kijana wa Swima.

Jumapili, baada ya ibada, mchungaji na wazee wa kanisa walimwita Raphaël. Mama Gentille alikuwa amekwisha kueleza yote, na mikono yake ilionyesha hata urefu wa mrija.

"Baba Arlette," mchungaji akasema kwa huruma, "mule mu chupa munakuwaka nini?"

Raphaël alifikiri. Mlevi anaweza kutubu. Lakini kifua, watu wa Swima watasema kiko katika damu, na wajukuu watazaliwa wakikohoa.

"Kasiksi," akasema.

Pombe ya ndizi! Wazee waliguna.

"Na unainunuaka wapi?"

Tangu abatizwe hakuwahi kuionja, sembuse kuinunua. "Pale pale," akasema.

Wazee wawili walitikisa vichwa taratibu, kama watu wanaopajua.

Alipewa miezi mitatu ya benchi la nyuma, bila kukaribia meza ya Bwana. Nyumbani Dorothée alimpokea na mikono kiunoni.

"Mi niliolewa na muntu mwenye hajue hata harufu ya pombe. Sasa bamama banakuja kunipa pole!"

Habari ilifika Swima siku hiyo hiyo. Mzee Eugène, baba wa mchumba, alituma neno kwamba Alhamisi atakuja, peke yake. Arlette aliposikia hivyo aliacha kula. Huyu Eugène aliwahi kuvunja uchumba wa mtoto wake wa kwanza kwa sababu mjomba wa bibi arusi alicheza karata. Kila asubuhi alijifungia chumbani saa nzima katika maombi, na hakuna aliyeruhusiwa kugonga. Alipotoka, macho yalikuwa yamelowa. Swima nzima ilisema hakuna anayetubu kama yeye.

Alhamisi alishuka kwenye pikipiki, kabuti lake limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni katika jua lile. Alikataa chai. Alingoja mpaka Dorothée na Arlette walipotoka.

"Mukwe," akaanza, "banasema ni chupa na mrija."

"Ndiyo, mukwe."

"Kila asubuhi."

"Na jioni," Raphaël akasema. Aliona hakuna tena cha kuokoa.

"Nani alikufundisha?"

"Mumama mumoja wa Bukavu."

"Bukavu," Eugène akarudia, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. "Kule banajua."

Akasimama. Akafunga mlango, akashusha pazia. Akafungua vifungo kimoja kimoja, na kutoka ndani ya kabuti akatoa kitu kilichofungwa katika kitambaa. Chupa. Halafu mrija.

"Miaka mbili," akanong'ona. "Hata mama ya batoto hajue. Leta yako, tuwe pamoja."

Raphaël aliitazama ile chupa. Kwa hiyo huyu ndiye mzee mkali wa Swima! Na mtu hamkatalii mkwe anachomkaribisha. Kupitia pazia aliona kivuli cha Arlette uani, kimesimama tu, kinangoja. Basi. Kwa ajili ya yule mtoto atakunywa, Mungu atamsamehe.

Alifumba macho, akanyoosha mkono, akangoja harufu ya ndizi iliyochacha.

Haikuja. Alipofumbua macho, mashavu ya mzee Eugène yalikuwa yamevimba kama ya mpiga tarumbeta, na ndani ya chupa yake maji matupu yalikuwa yakitoa mapovu.